Je, Wajua? Upinde Unaosamehe Kosa la Kiganja

Je, wajua ya kuwa upinde wa kuwindia wenye roda katika ncha zake, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri, Marekani, alipewa hataza yake mwaka 1969, waweza kurekebishwa hata ukamsamehe mwindaji kosa la kiganja? Aghalabu mshale huenda kombo, si kwa kuwa jicho limehadaika, bali kwa kuwa mkono, kwa baridi au kwa pupa ya kumwona mnyama, umeupotoa mpini kidogo, na kilengeo kilicho mbele kikahama upande mmoja ilhali kiegemeo cha mshale, kilicho nyuma, kimehamia upande wa pili. Basi fundi hodari hukosea kwa makusudi: husimama hatua 20 au 30, akaupotoa mpini kushoto, akafuma; akaupotoa kulia, akafuma; kisha hukisogeza kiegemeo mbele au nyuma, kadiri ya unene wa kucha, mpaka mishale yote ikutane mahali pamoja. Ni kazi ya subira, wala haihitaji ala za ghali. Tena upinde ambao upote wake umekaa mbali na mpini, yapata inchi 7 au zaidi, husamehe zaidi, maana mshale huachana na upote mapema, kabla mkono haujapata wasaa wa kuuharibia. Walakini kasi yake hupungua.