Kulanti Haipozi Kuliko Maji

Fundi mmoja, huku akinimiminia maji ya kisima kwenye rejeta, aliniambia kulanti ni maji yaliyotiwa rangi ili yauzwe ghali. Nilikasirika, ingawa nusu ya maneno yake ni kweli. Kilo moja ya maji hubeba takriban kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Glaikoli, mama wa kulanti, haifiki hata 2.5. Kwa kubeba joto, maji yanashinda.

Basi kulanti ya nini? Fungua injini ya dizeli ya lori linalopanda mlima wa Kitonga na shehena, ile ambayo layina zake, yaani mitungi inamochezea pistoni, zimezungukwa na maji. Kila mlipuko, pistoni huigonga layina ubavuni, nayo hutetemeka kama kengele. Inapojivuta kidogo tu, huyaacha maji nyuma, na papo hapo viputo vya mvuke hujaa kwenye pengo. Ikirudi, viputo hupasuka, na kila kimoja hudunga chuma kama sindano. Layina iliyoliwa hivyo ukiishika utadhani ni mahindi yaliyopekechwa na dumuzi. Tundu moja likitokeza ndani, maji huingia kwenye oili, nayo hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Hapo ndipo dawa zilizomo kwenye kulanti ya malori, kama naitraiti, zinapofanya kazi: hujenga utando mwembamba juu ya chuma. Viputo huchubua utando, utando hujijenga tena. Lakini kila unapojijenga, dawa hupungua. Kulanti yako yaweza kuwa bado ya kijani inayong'aa na haina nguvu tena. Rangi ni rangi tu, wala haikuambii ni aina gani. Ukichanganya aina zisizopatana, huweza kuganda kama uji.

Vile vichupa vya "kuongeza ubaridi" navyo hufanya kama sabuni: hulegeza maji yakumbatie chuma cha moto. Husaidia kidogo, ila havizibui rejeta iliyojaa ukoko wa chumvi za kisima, wala havirudishi themostati iliyong'olewa na kutupwa.

Mengineyo ya kulanti: huzuia kutu, hukata povu, hutunza sili ya pampu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, huchemka karibu nyuzi 107 badala ya 100.

Ukimwaga kulanti ya zamani, ikinge kwenye dumu na ulifunge, si mtaroni kama gereji nyingi zifanyavyo. Glaikoli ni tamu. Mbwa huilamba, na vijiko vichache vya chakula humuua mbwa mdogo.