Alamu Inapiga Kelele, Gari Haliwaki



Mwezi uliopita, usiku wa manane, pikapu ya kikundi chetu ilianza kupiga kelele yenyewe. Tulitoka na marungu tukidhani ni wezi. Kumbe hapakuwa na mwizi. Kijana mmoja alifungua boneti, akashika waya za alamu akazikata. Kelele ikakoma, nasi tukarudi kulala.

Asubuhi aliletwa mama mwenye uchungu wa kujifungua. Dereva akazungusha ufunguo: kimya! Hata taa za dashibodi hazikuwaka. Ikabidi mama yule apakiwe kwenye pikipiki, kilomita 14 za makorongo. Alifika salama, lakini sote tuliona aibu. Hebu basi tujifunze kilichotokea.

Umeme wa gari unatoka wapi?

Gari likiwa limezimwa, umeme wote unatoka kwenye betri. Magari madogo yanatumia volti 12. Malori makubwa mengi yanatumia volti 24. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama volti 12.6 kwenye mita. Ikiwa chini ya 12, imeishiwa. Injini ikiwaka, altaneta inachaji betri, na mita huonyesha karibu volti 14. Isipopanda, huenda mkanda umelegea au altaneta ni mbovu.

Kwa nini alamu ilipiga bila mwizi?

Alamu ni mlinzi asiye na macho. Inachojua ni umeme tu. Betri ikidhoofika, au terminali ikilegea, alamu nyingine hudhani mwizi anakata waya. Tena kuna kitufe kidogo chini ya boneti. Kikijaa tope au kutu, alamu hudhani boneti imefunguliwa.

Kwenye pikapu yetu, terminali ilikuwa imelegea na kujaa unga mweupe. Unga huo unazuia umeme kupita, na betri nayo haikuwa ikichajiwa vizuri. Ndiyo maana alamu ililia usiku, na asubuhi gari likafa kabisa.

Fanya hivi, hatua kwa hatua

1. Zima gari na utoe ufunguo. Usivute sigara wala kuwasha kibiriti karibu na betri, kwani hutoa gesi inayoweza kulipuka.

2. Tikisa terminali kwa mkono. Kama zinacheza au zina unga, zifungue kwa spana. Anza na ya hasi (−), kisha ya chanya (+). Ukianza na ya chanya, spana ikigusa bodi itatoa cheche kali.

3. Safisha kwa msasa, au kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo. Maji hayo yasiingie ndani ya betri. Asidi ikikurukia, jioshe mara moja kwa maji mengi.

4. Rudisha ya chanya kwanza, ya hasi mwisho. Kaza vizuri. Fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi, napo pakaze.

5. Washa taa kubwa, kisha piga stata. Taa zikififia sana au zikizimika, kosa ni betri au terminali. Taa zikibaki kali na stata iko kimya, tazama fyuzi, stata yenyewe na alamu.

Kwetu sisi, baada ya kusafisha, taa ziliwaka vizuri. Lakini stata ilikuwa bado kimya! Fundi alieleza kuwa waya wa stata ulipitishwa kwenye alamu, ili mwizi asiweze kuwasha gari. Yule kijana alipokata waya za alamu, alikata na njia ya stata. Kosa dogo tukalifanya makosa mawili.

Hatari ya kufunga waya mahali pa fyuzi

Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya namba ile ile: 10 kwa 10, 15 kwa 15. Wengine huzungushia karatasi ya sigara au kipande cha waya. Hilo ni kosa kubwa, bwana. Fyuzi imewekwa iungue ili waya za gari zisiungue. Ukiizuia, gari zima laweza kushika moto. Fyuzi mpya ikiungua tena, acha, mwite fundi umeme.

Na alamu ikikusumbua usiku, usikate kitu. Jaribu rimoti, maana huenda betri yake ndogo ndiyo imekwisha. Ikishindikana, fungua terminali ya hasi. Ikiwa king'ora kina betri yake ndani, kitaendelea kulia, subiri fundi.

Kazi ya dakika kumi na spana moja ingetosha kumfikisha mama yule hospitali kwa gari. Tukague terminali kila mwezi, kabla ya mgonjwa kufika mlangoni.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini terminali ya hasi hufunguliwa kwanza?
2. Taa ni kali lakini stata haisikiki. Utatazama wapi?
3. Kijijini kwenu, nani ana wajibu wa kukagua gari la kubebea wagonjwa?