Kitufe cha simu na maagizo yaliyofichwa nyuma yake

KILA mara mtumiaji wa simu ya kisasa anapogusa kitufe cha ‘Tuma’, huamini kuwa fedha zitamfikia yule ambaye jina lake analiona kwenye skrini. Imani hiyo inategemea maagizo asiyoyaona, ambayo yakipangwa vibaya, mguso mmoja unaweza kuzaa malipo mawili.

Kitufe chenyewe hakijui kutuma fedha. Kazi yake ni kutambua kuwa kimeguswa, kisha kuliita agizo kilichokabidhiwa na mtengenezaji wa programu. Agizo la namna hiyo, linalowekwa sasa ili liitwe baadaye, wataalamu huliita kolubeki.

Utaratibu huo unafanana na wa mteja aliyempelekea fundi cherehani kitambaa. Hakai kibarazani kutwa nzima akisubiri, bali huacha namba ya simu ili apigiwe nguo itakapokuwa tayari.

Kwa miaka mingi, watengenezaji wa programu za iPhone waliliandika agizo mbali na kitufe, kisha wakakielekeza kitufe kwa kulitaja agizo hilo kwa jina. Mwaka 2014, kampuni ya Apple ilitangaza lugha ya Swift, ambayo inaruhusu agizo kuandikwa papo hapo katika kifungu kiitwacho kloja. Mwaka 2020, toleo la 14 la mfumo wa iOS liliviwezesha vitufe vya kawaida kupokea vifungu hivyo moja kwa moja. Kwa upande wa Android, lugha ya Kotlin, ambayo Google ilitangaza kuiunga mkono mwaka 2017, ina utaratibu wa aina hiyo.

Sifa kubwa ya kloja ni kwamba hubeba vitu inavyovihitaji kutoka mahali ilipoundwa, kama vile jina la mpokeaji na kiasi cha fedha. Urahisi wake umo humo, na hatari yake pia.

Hatari ya kwanza iko kwenye orodha ndefu za majina. Ili kuokoa nguvu, simu haiundi mstari mpya kwa kila jina; mstari uliotoweka juu ya skrini hurejeshwa chini ukiwa na jina jingine. Iwapo mtengenezaji ataongeza agizo jipya bila kuliondoa la zamani, yote mawili hubaki kwenye kitufe kimoja. Mstari unaoonyesha jina la Juma unaweza kumlipa Juma pamoja na Asha, aliyekuwa hapo awali. Dawa yake ni kufuta agizo la zamani kabla ya kuweka jipya.

Hatari ya pili inahusu kumbukumbu ya simu. Swift huhesabu ni wangapi wanaokishikilia kitu, na hukiondoa hesabu inapofika sifuri. Skrini ikishikilia kitufe, kitufe kikashikilia kloja, na kloja ikaishikilia skrini ile ile, duara hilo halivunjiki. Skrini iliyokwisha kufungwa huendelea kukalia nafasi, na zikirundikana, mfumo unaweza kuizima programu ghafla. Ili kuepuka hali hiyo, kloja hupewa mshiko dhaifu, yaani usiohesabiwa.

Aidha, mtandao unaposuasua, mtumiaji hugusa tena kwa kukosa subira, na kila mguso huliita agizo upya. Kwa sababu hiyo, kitufe hupaswa kuzimwa baada ya mguso wa kwanza, na kila muamala kupewa namba yake ya pekee ili seva itambue na kukataa marudio.

Hata hivyo, mtumiaji hana njia ya kujua iwapo programu aliyonayo imezingatia hayo. Kilicho salama kwake ni kugusa mara moja, kusubiri jibu, na kuangalia salio kabla ya kugusa tena.