Sanduku la jua laweza kuokoa mahindi msimu wa mvua

MSIMU wa mavuno katika kaunti za Trans Nzoia na Uasin Gishu ungekuwa wa furaha tupu, lau si mvua ambayo mara nyingi hunyesha kati ya Oktoba na Desemba mahindi yakiwa yameanikwa kwenye maturubai.

Mkulima huanika asubuhi, huanua wingu linapotanda na kesho yake huanza upya. Punje zilizokauka nusunusu ndizo makao ya kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambayo hutoa sumu ya aflatoksini.

Hatari yake si ya kubahatisha. Mwaka wa 2004, sumu hiyo iliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yamevunwa wakati wa mvua na kuwekwa ghalani yangali na unyevu. Sumu hii haiishi kwa kuchemshwa, hivyo hata githeri iliyoiva sawasawa yaweza kuua.

Kinga mojawapo ni kikaushio kinachotumia hewa iliyopashwa joto na jua. Sehemu yake ya kwanza ni sanduku bapa lenye bati lililopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kwa kioo au karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga. Bati hufyonza miale ya jua na kuipasha moto hewa iliyo sandukuni.

Kwa kuwa hewa moto hupanda, sanduku huinamishwa ili hewa iingie upande wa chini, ipande hadi kwenye kabati lenye trei za wavu ambamo mahindi yametandazwa, kisha itoke kwa dohani ikiwa imebeba unyevu.

Siri iko katika joto hilo. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipashwa hadi nyuzi 40, unyevu huo hushuka hadi karibu asilimia 34. Hewa iliyokuwa imeshiba maji sasa ina kiu, nayo huyanyonya kutoka kwa punje.

Je, sanduku liwe na ukubwa gani? Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lazima lipoteze karibu lita 7 za maji ili kufikia asilimia 13.5, kiwango kinachofaa kuhifadhiwa. Kuvukiza lita moja huhitaji takriban kilowati 0.7 kwa saa moja. Katika siku yenye jua la kutosha, kila mita mraba hupokea kawi ipatayo kilowati 5 kwa saa. Kikaushio kikitumia robo tu ya kawi hiyo, mita mraba 4 zatosha gunia moja kwa siku. Siku ya mawingu, kazi hupungua.

Mkulima asirundike mahindi. Tabaka jembamba lililogeuzwa mara kwa mara hukauka sawasawa. Mbegu za kupanda zisizidishiwe nyuzi 43, la sivyo hazitaota. Jioni matundu ya hewa yafungwe, kwani punje hurudia kunyonya unyevu wa usiku.

Mboga kama vile kunde na mchicha nazo hufaidika, kwa sababu hukaukia kivulini ndani ya kabati, hivyo hazipotezi Vitamini A kwa wingi kama zinazoanikwa juani.

Asiye na kipima unyevu atie punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu na kuitikisa. Chumvi ikiganda ubavuni, mahindi hayajakauka.

Hata hivyo, kikaushio huzuia sumu kuongezeka tu. Hakiondoi ile iliyokwisha kuingia. Ndiyo maana mahindi yafaa kukaushwa punde tu yanapovunwa, na yaliyooza yatengwe kabla hayajafika kwenye trei.