Machozi ya mwanafunzi si utovu wa nidhamu

Mwanafunzi wa darasa la sita amempiga mwenzake ngumi kwa sababu ya kalamu. Mwingine analala darasani tangu kipindi cha kwanza. Wa tatu, aliyekuwa mchangamfu, siku hizi haongei na mtu. Katika shule nyingi zetu, wote watatu huishia kwenye fimbo.

Hapa Mafinga, kabla ya kunyanyua fimbo, yafaa kuuliza mtoto ametoka wapi asubuhi hiyo. Mji huu unaishi kwa mbao za Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, kwa chai ya Mufindi na kwa malori ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma. Kazi hizo huwaweka wazazi mbali na nyumbani. Tena Ukimwi umeacha pengo: utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani kwetu Iringa yakifikia asilimia 11.3 ya watu wazima, zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa. Wapo watoto wanaolelewa na bibi, na wapo wanaomuuguza mzazi usiku na kuingia darasani asubuhi.

Mtoto wa namna hiyo anahitaji mwalimu wa unasihi. Mnasihi mzuri haanzi na "Kwa nini umempiga?" Humkalisha mtoto pembeni na kumpa maji. Humwomba avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu, mara kadhaa, mpaka mabega yashuke. Kisha humsaidia kutaja kilichomo moyoni: ni hasira, hofu, aibu au huzuni? Mtoto akisema, "Nina hofu, mama hajarudi tangu juzi," ugomvi wa kalamu umeshapata maelezo yake. Baada ya hapo ndipo huongelea kosa, namna ya kuomba radhi, na la kufanya hasira ikipanda tena: kuondoka, kuhesabu, kumwita mwalimu.

Siri ya mtoto hutunzwa, ila si kila siri. Akieleza kwamba anapigwa au anadhalilishwa, mnasihi lazima afikishe habari kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Haya si mageni kwenye sera zetu. Waraka wa Elimu Na. 11 wa 2002 uliagiza huduma za ushauri na unasihi shuleni. Mwaka huohuo kanuni za viboko ziliweka kikomo cha viboko vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kinachokwamisha ni utekelezaji. Mwalimu anapewa unasihi juu ya mzigo wake wote wa vipindi, bila mafunzo ya kutosha, na hana chumba cha kuongea na mtoto faraghani. Hakuna mtoto atakayefungua moyo katikati ya ofisi ya walimu.

Wakuu wa shule, mpunguzieni mnasihi vipindi na mtafutieni chumba, hata kiwe kidogo. Halmashauri, mpelekeni mafunzoni. Nanyi wazazi, mwalimu akiwaita kuhusu mtoto, nendeni kusikiliza kabla ya kukasirika. Na mtoto anayeumia akikosa wa kumwambia, afundishwe kupiga 116, Simu ya Mtoto, bila malipo.