Tangi Limepasuka: Je, Ni Ardhi Inayotetemeka?

Mama mmoja aliniuliza mkutanoni: "Tangi letu la maji lina ufa na hata mwaka halijamaliza. Fundi anasema ardhi hutetemeka kila siku. Ni kweli?"

Ni kweli hutetemeka. Lakini si huko kwa kupasua tangi.

Chombo cha kupima tetemeko, hata kikiwekwa mbali na barabara na mashine, hakitulii. Sababu kubwa ni bahari. Dhoruba huinua mawimbi, na mawimbi ya pande mbili yakikutana uso kwa uso, msukumo wake hushuka mpaka chini kabisa. Sakafu ya bahari hupigwa kama ngoma, mara nyingi kila sekunde 5 hadi 10, na mtikisiko husafiri ndani ya mwamba hadi bara. Mwingereza Longuet-Higgins alieleza jambo hili mwaka 1950.

Kuna mmoja wa ajabu unaotoka hapa hapa Afrika, Ghuba ya Guinea. Huo hupiga karibu kila sekunde 26, pole pole. Umejulikana tangu miaka ya 1960, na wataalamu bado wanabishana: wengine wasema mawimbi, wengine volkano.

Lakini mwendo wenyewe ni mdogo kuliko unene wa unywele! Kwa hivyo mrudieni huyo fundi. Muulizeni alichanganya simiti kiasi gani, msingi aliuchimba wapi, na kama tangi lilimwagiwa maji siku zile za kwanza.