Mtaalamu Akishaondoka, Nani Anaendelea?

Mtoto wa darasa la pili anayesema "tutu" badala ya "kuku" hasaidiki kwa kusahihishwa mara moja. Sauti ya k hutamkiwa nyuma ya kinywa, na ulimi wake umezoea kugota mbele. Anahitaji mtu anayejua kumwonyesha pa kuuweka ulimi, kisha marudio mengi, siku baada ya siku, mpaka sauti mpya itoke bila kufikiriwa. Kazi ya kwanza ni ya mtaalamu wa tiba ya usemi. Ya pili inaweza kufanywa na mwalimu, dada yake, hata mwenzake wa dawati, mradi wameelekezwa. Ya kwanza huitwa huduma ya moja kwa moja, ya pili huduma isiyo ya moja kwa moja, na kinachowaumiza vichwa wataalamu wa shuleni ni namna ya kuzigawia saa za wiki.

Sumbawanga swali hilo lina uzito wa pekee. Mji huu ulio kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, chini ya Milima ya Mbizi, uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na wataalamu wa usemi ni wachache mno nchini kote. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha kwa ngazi ya shahada mwaka 2008. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimefuata miaka ya karibuni kwa shahada inayounganisha usikivu na tiba ya usemi. Huduma zenyewe zimejikita kwenye hospitali kubwa. Mzazi wa mji mdogo wa Laela, mkoani humo, anayeambiwa ampeleke mwanawe Mbeya kwenye hospitali ya rufaa ya kanda anapiga hesabu ya nauli, malazi na siku za shamba atakazopoteza. Akienda mara moja, ni juhudi kubwa. Kwenda kila wiki haiwezekani.

Sasa tuseme mtaalamu mmoja amepangiwa shule za Manispaa ya Sumbawanga na vijiji vya jirani, ana watoto 40, na kila mmoja amewekewa nusu saa mara mbili kwa wiki. Hizo ni saa 40. Wiki ya kazi imekwisha kabla hajasafiri kutoka shule moja hadi nyingine, kabla hajazungumza na mwalimu yeyote, kuandika ripoti, kupima mtoto mpya au kumweleza mama kinachoendelea. Kwa kuwa mambo hayo hayana nafasi kwenye ratiba, hufanywa kwa kuibia muda, au hayafanywi kabisa.

Marekani walikumbana na tatizo hilo mapema, kwa sababu sheria yao ya mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya elimu ya umma na mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja. Huduma zikaandikwa kwenye mpango huo kwa dakika, na dakika zilizohesabiwa zikawa hasa zile za kukaa na mtoto. Mwaka 2002 chama cha wataalamu wa usemi na lugha cha nchi hiyo, ASHA, kiliwataka waajiri wasitazame idadi ya watoto peke yake, wapime mzigo wote wa kazi. Shule za Portland, jimbo la Oregon, zilitumia mpango wa tatu kwa moja: wiki tatu za kukaa na watoto, wiki ya nne ya kukaa na walimu na wazazi, kutazama watoto wakiwa darasani, kutengeneza vifaa na kuandika. Wiki ya nne si likizo. Imeandikwa kwenye ratiba, na kila mwenye mtoto anaijua.

Ufipa haiwezi kuazima mpango huo bila kuupima kwa kalenda yake. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na barabara za kuteremka kutoka uwandani kwenda Bonde la Ziwa Rukwa, upande wa Mtowisa na Ilemba, huwa ngumu kupitika. Kumwekea mtoto wa bondeni kipindi cha kila Jumanne mwezi Februari ni kuandika ahadi isiyotimizika. Busara zaidi ni kumpa vipindi vya mfululizo wakati wa kiangazi, muhula wa Julai unapoanza, mtaalamu akikaa huko siku kadhaa na kumwona mtoto kila siku. Mvua zikirudi, huduma isiyo ya moja kwa moja ishike usukani: mwalimu anaendesha mazoezi mafupi, anarekodi sauti ya mtoto kwa simu, anaituma, naye mtaalamu anampigia kumwambia abadilishe nini.

Saa ya kumtoa mtoto darasani nayo ina gharama. Darasa la kwanza na la pili ndiko anakojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK. Mwenye shida ya matamshi mara nyingi huhangaika pia kutambua sauti za herufi, kwa hiyo kumwondoa wakati wa kusoma ni kumpunguzia kile anachokihitaji zaidi. Dakika tano kila siku kabla ya vipindi kuanza, au mtaalamu kuingia darasani na kufanya kazi humo humo, huweza kumfaa kuliko nusu saa ndefu ya kumtenga.

Kwamba watu wa karibu na mtoto wanaweza kuibeba kazi hii, kuna ushahidi wa hapa kwetu. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliofanya kazi na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust walikwenda nyumbani kwa watoto wenye matatizo makubwa ya mawasiliano, wakawafundisha walezi kutumia ishara na vifaa vya kuwasiliana vilivyotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana hapo hapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014, na walezi wenyewe waliona mabadiliko kwa watoto wao. Mtaalamu alikuja na kuondoka. Mlezi alikuwepo kila siku.

Kuna kazi moja ambayo ratiba nyingi huisahau, na Ufipa ingepaswa kuipa siku nzima: kuzungumza na familia kuhusu Kifipa. Watoto wengi wa vijijini huanza shule wakiwa na Kifipa kinywani, na Kiswahili ni lugha wanayoendelea kuipata. Anayenyamaza darasani huenda hana ugonjwa wowote. Mama aulizwe: nyumbani mtoto anasimulia, anabishana, anatania? Kama Kifipa chake ni kizuri, anahitaji kufundishwa Kiswahili kwa subira, na nafasi ya tiba iende kwa mwingine. Kama anakwama katika lugha zote mbili, apimwe kwanza masikio, maana usaha wa sikio usiotibiwa humnyima mtoto sauti ambazo angejifunza kuzisema.

Hata hivyo, haifai kumwachia mwalimu kila kitu kwa jina la huduma isiyo ya moja kwa moja. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa kaakaa lililopasuka mara nyingi hubaki na namna ya kutamka aliyoizoea, na kuibadilisha kunahitaji mikono iliyofunzwa. Mwenye kigugumizi husaidiwa sana na mwalimu asiyemmalizia maneno na asiyeruhusu darasa limcheke, lakini mbinu za kukabili kigugumizi chenyewe zinatoka kwa mtaalamu. Na mwalimu mwenye darasa lililofurika, hata awe amesomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi, hawezi kuongezewa jukumu bila mwalimu mkuu kumpunguzia jingine. Dakika zake nazo ziingie kwenye ratiba ya shule, kwa jina lake.

Kingine kinachohitajika ni daftari dogo la kila mtoto: tarehe, sauti au neno lililofanyiwa kazi, aliyelifanya, na mtoto alifaulu mara ngapi. Novemba, kabla shule hazijafungwa, nusu siku itengwe mwalimu wa darasa la pili akae na wa darasa la tatu, daftari likiwa mezani, amwoneshe alipoishia kila mtoto.